Wa Athletic Bilbao tujuane hapa: ulinasaje? Tupeane uzoefu

Kiberenge
Wakuu, salaam. Hapa mtaani kwetu Mbagala ukisema una timu Hispania, wanajua ni Madrid au Barça, basi. Nikitaja Athletic naulizwa, "Ile ya Simeone?" Siyo, jamani. Ile ya Simeone, Atlético Madrid, ilianza mwaka 1903 kama tawi, ikafunguliwa na wanafunzi wa Kibaski (watu wa kaskazini mwa Hispania) waliokuwa wanasoma Madrid. Mimi nazungumzia makao makuu, Bilbao, klabu ya mwaka 1898 inayochezesha Wabaski na waliolelewa kimpira Ubaskini peke yao. Na haijawahi kushuka daraja tangu ligi ianze 1929. Kila mtu aseme alivyonasa.

Naanza mimi. Agosti 2019, banda umiza, mechi ya kufungua msimu. Barcelona nilimpa ushindi kwenye mkeka. Dakika za mwisho kabisa bado bila bila, kocha wa Athletic anaingiza mzee wa miaka 38, Aduriz, ambaye alishasema huo ndio msimu wake wa mwisho. Nikacheka. Krosi ikaja kutoka kulia, mzee akalala hewani, akapiga tikitaka, kipa akausindikiza kwa macho. Moja bila. Mkeka ukachanika palepale, na mimi nikajikuta nimesimama juu ya benchi nashangilia. Mwenye banda akanisogelea taratibu: "Umeshinda ngapi, tugawane?"

Baba Zuwena, Muscat
Aliyeninasa mimi ni Iñaki Williams tu, mshambuliaji wetu. Wazazi wake walitoka Ghana wakakatiza Sahara, kuna kipande walikitembea peku. Baadaye baba mtu akaenda London kutafuta, miaka akiwa mbali na familia. Sisi tunaoongea na watoto kwa simu hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Kijana akacheza mechi 251 za ligi mfululizo, kuanzia Aprili 2016 hadi Januari 2023, hakukosa hata moja. Gari langu mimi haliwezi kumaliza wiki bila kuonana na fundi.

Mpita Njia
Samahani naharibu sherehe. Klabu inayochagua watu kwa kabila, ingekuwa huku kwetu tungeiitaje?

Kiberenge
Swali halali, usiombe radhi. Kanuni yao haiangalii damu: uwe umezaliwa huko, au mpira umeujulia huko. Jonás Ramalho, ambaye baba yake ni wa Angola, aliichezea mwaka 2011. Ila hapa nakupa pointi: mchezaji mweusi wa kwanza kuifungia bao ni huyo huyo Iñaki, mwaka 2015. Klabu ya 1898. Piga hesabu mwenyewe.

Mpangaji wa Deusto
Mimi nasoma Bilbao, mwaka wa tatu sasa. Aliyeniingiza ni bibi mwenye nyumba. Wiki ya kwanza tu alinishika mkono kama mtoto wa chekechea tukashuka Licenciado Poza, wenyewe wanaiita Pozas, barabara ya baa inayokwenda mpaka mdomoni mwa uwanja. Siku ya mechi haipitiki. Vichanga, vikongwe, wote mistari myekundu na myeupe, glasi mkononi (vichanga wasamehewe).

Ndani ya San Mamés akanionyesha sanamu ya Pichichi. Jina lake hasa ni Rafael Moreno, ndiye aliyefunga bao la kwanza uwanja wa zamani ulipofunguliwa 1913, akafariki 1922 akiwa na miaka 29. Timu ikija kucheza hapo kwa mara ya kwanza, nahodha wake huweka maua kwenye sanamu hiyo. Tuzo ya mfungaji bora wa ligi ya Hispania ndiyo imebeba jina lake. Na Mamés mwenyewe alikuwa mtakatifu aliyetupiwa simba wakagoma kumla, ndiyo maana wachezaji wanaitwa Simba. Watu wa Jangwani msinirushie mawe, sikuwabatiza mimi.

Lakini siku niliyonasa kweli ni tarehe 11 Aprili 2024, Kombe la Mfalme la Hispania lilipopitishwa mtoni. Timu ilipanda gabarra, tishari lile lile lililowabeba mabingwa wa 1983 na 1984. Bibi alikuja na picha ya marehemu mumewe ndani ya mfuko wa plastiki. Tishari lilipofika mbele yetu akaitoa, akaigeuzia mtoni, akaishikilia hivyo mpaka likapita lote. Hakutoa chozi. Mimi ndiye niliyelia, akanifokea kwamba namzibia.

Binti Chumbageni
Nyie mmekuta mezani pameshaandaliwa. Mimi nilianza na fainali za Kombe la Mfalme tulizofungwa na Barça: 2009, 2012, 2015. Mwaka 2012 huo huo, fainali ya Europa kule Bucharest, tukapigwa tatu bila na hilo "tawi" lako, Kiberenge, mbona hukulisema? Aprili 2021 ndiyo usiseme, fainali mbili ndani ya wiki mbili, moja kwa Real Sociedad, majirani, moja kwa Barça, zote tumelala.

Kwa hiyo 2024 sikumwambia mtu kama naangalia. Ilikuwa Ramadhani, mpira unaanza saa tano usiku, nimejifunika shuka na simu. Mallorca wakatangulia, Sancet akarudisha, dakika 120 zikaisha moja moja. Penalti zinaanza, mama yuko jikoni anapasha daku. Kipa wetu Agirrezabala akapangua moja, nyingine Mallorca wakaipaisha, Berenguer akamaliza kazi. Kombe hilo tulilichukua mara ya mwisho 1984, mimi sijazaliwa! Ukelele niliopiga ulimtoa mama jikoni na mwiko mkononi, anatafuta mwizi.

Kiberenge
Hilo la Bucharest niliruka makusudi.

Jamaa wa Umoja, Nairobi
Yangu ni ya aibu. Nilinunua jezi Gikomba, mistari nyekundu na nyeupe, nikijua nimepata Athletic kwa bei ya kutupa. Nimeivaa karibu mwaka mzima. Juzi jamaa wa mjengo akainama kuangalia nembo kifuani: Southampton! Wakanicheka mpaka lunch ikaisha.

Nikarudi nyumbani kusoma. Kumbe Athletic mwanzo walivaa bluu na nyeupe. Inasimuliwa kwamba Juan Elorduy alitumwa Uingereza kutafuta jezi kama za Blackburn, hakuzipata za kutosha, na kabla ya kupanda meli Southampton akabeba za timu ya hapo. Basi nimeirudisha mwilini. Kasoro yake ni tundu la kwapani, na hilo ni la Gikomba.

Kiberenge
Hiyo nembo usije ukaibandua.