Mtoto anataka kuacha skuli awe kama Millie Bobby Brown, nimjibu vipi?

Halati_Wete

Asalam alaykum jamani, naomba ushauri na naomba msinicheke. Nakaa na mtoto wa dada yangu hapa Wete, mamake yuko Unguja kikazi, mtoto yuko fomu tuu ana miaka 15. Tokea likizo ilopita alivokwenda kwa binamu zake Kiembesamaki wakamuonesha hiyo tamthilia ya Stranger Things basi humu ndani hatuna raha. Kwanza kataka kunyolewa kipara kama yule mtoto wa kwenye picha, bibi yake nusra azimie. Tukasema utoto utapita. Sasa juzi kanikalisha kitako kabisa kanambia halati mie skuli sioni faida yake, Millie Bobby Brown, ndo huyo aloigiza mtoto wa kipara, kaanza kuigiza mdogo kuliko mie na skuli hajasoma na leo ana pesa za kununua Pemba nzima, kwa hivyo nipelekeni Dar nikaigize.

Mie picha zangu za Kihindi, hao Waingereza siwajui. Kuna anomjua huyo binti kwa ukweli wake? Kweli hakusoma? Nataka nimjibu kwa hoja maana kwa bakora ntamuharibu, na kipaji anacho wallahi, akimuigiza sheha wetu anavosuluhisha kesi ya mbuzi mtu unashika mbavu.

Kombo_Mkavu

Pesa za kununua Pemba nzima?? nani kasema tunauza 😂

BintiNgambo

Waalaykum salaam halati. Mie namfatilia tokea msimu wa kwanza 2016 kwa hivo kaa vizuri nkwambie.

Kwanza mwambie hakuamka tu asubuhi akawa staa. Kazaliwa Marbella, Hispania, Februari 2004, wazee wake Waingereza, wakarudi kwao wakakaa Bournemouth, akiwa na miaka 8 hivi wakahamia Orlando, Marekani. Huko ndo mtafuta vipaji akamuona akawaambia wazee huyu mpelekeni Hollywood, na wao wakahama kweli, familia nzima na watoto wane, kwa ajili ya huyu mmoja. Hapo tia akilini, ni wazee waloacha kila kitu, si mtoto alopandishwa boti peke yake. Akapata kazi 2013, kumuigiza Alice akiwa mdogo kwenye tamthilia moja, na 2014 akapata nyengine inaitwa Intruders, halafu vipande vya siku moja moja kwenye tamthilia za watu, leo kwenye NCIS kesho Grey's Anatomy, unatokea unalia kidogo unakwenda zako. Pesa zikawaishia wazee ikabidi warudi Uingereza. Akaenda kujaribiwa kwa tamthilia ya Game of Thrones, amuigize yule bibi mdogo Lyanna Mormont, wakamkataa. Kasema mwenyewe kwenye mahojiano kwamba hapo alitaka kuacha kabisa na hii ya Stranger Things ilikuwa jaribio lake la mwisho.

Na akiipata ndo akanyolewa kipara, na ule msimu wa kwanza maneno yake unaweza kuyahesabu, kazi yote kaifanya kwa macho. Ukitaka kumpima mtoto wako mpe kisa akuoneshe bila kusema, kumuigiza sheha kwa maneno kila mtu anaweza.

Ah na jengine, sikio moja halisikii kabisa. Anaimba na kuigiza hivohivo.

Mwalimu_Chake

Mimi nasomesha sekondari kwa hivyo hilo la "hajasoma" ndo lililonileta. Skuli ya kukaa darasani kweli hakuikaa sana, alisomeshwa nyumbani na mahali pa kazi, lakini 2022 kasema mwenyewe amejiandikisha Chuo Kikuu cha Purdue, anasoma kwa njia ya mtandao mambo ya huduma za jamii. Mtu ana pesa na jina na bado anakwenda kujiandikisha, huyo mtoto hilo hakuhadithiwa.

Pili kule kuna sheria. Uingereza mtoto wa umri wa skuli hapandishwi jukwaani wala mbele ya kamera hivihivi, inatakiwa leseni kutoka halmashauri ya pale anapoishi, awepo mtu mzima wa kumuangalia, na masomo yasikatike. Marekani nako kuna kisa ambacho huwa nawahadithia wanafunzi wangu. Kulikuwa na mtoto anaitwa Jackie Coogan, kaigiza na Charlie Chaplin 1921, akaingiza mamilioni ya dola enzi hizo. Alipokuwa mtu mzima anakwenda kuulizia pesa zake anakuta mama yake na baba wa kambo wameshazila, akawashitaki, alichoambulia kidogo mno. Ndo California wakatunga sheria 1939, na mpaka leo kule asilimia 15 ya malipo ya mtoto inawekwa benki pahala ambapo mzee hagusi mpaka mtoto akue.

Sasa sisi mtoto wa miaka 15 ukimpeleka Dar nyumba ya kufikia hana, mwenye kumuangalia hana, na pesa akilipwa (AKILIPWA) inapita mkononi mwa mkubwa gani?

Pweza_wa_Forodhani

Mnamkatisha tamaa mtoto wa watu. Mwalimu kila kitu kwenu ni fomu foo. Siti binti Saad alikuwa na fomu foo? Katoka Fumba anauza vyungu, 1928 yuko Bombay anarikodi santuri, mpaka leo mnajivunia

Mwalimu_Chake

Siti alipopanda meli kwenda Bombay alikuwa keshapita miaka 40 ndugu yangu. Nami nikubali, kwa huyu wa Wete tusubiri kidogo tu, si mpaka 40.

Pweza_wa_Forodhani

Haya umenipata hapo 😅 lakini hoja yangu sijaiacha. Huyo alompokonya Millie nafasi ya Lyanna Mormont ni Bella Ramsey, kazaliwa 2003, mtu wa Nottingham. Yeye hakuhama nchi, alikuwa anakwenda kwenye karakana ya uigizaji palepale Nottingham, Television Workshop, wanakwenda watoto wa kawaida wanafanya mazoezi. Akitokea hapo kaingia kwenye tamthilia kubwa kuliko zote wakati ule ndo kazi yake ya kwanza, na 2023 akaja kwenye The Last of Us dunia nzima ikamjua. Kwa hivo njia si moja. Halati muache mtoto aigize HAPOHAPO, skuli kwao hakuna kikundi? maulidi na sherehe za skuli hazina michezo? Halafu mwezi wa ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, mlete Unguja, akae pale Ngome Kongwe atazame filamu za watu wanofanana naye. Vuta N'Kuvute imepigwa hapahapa Unguja, kitabu cha Adam Shafi, 2021 ikaoneshwa tamasha la Toronto. Sasa Dar ya nini, afate nini huko.

BintiNgambo

Pweza leo umesema la maana, nashangaa.

Nliisahau moja. Mwambie na upande wa pili. Huyu binti 2018 aliiacha Twitter, ana miaka 14, kwa sababu watu walikuwa wanamtungia uchafu wanautia kwenye picha zake, na mwaka huohuo UNICEF wamemfanya balozi, mdogo kuliko wote walowahi kuwa nao. 2025 tena kajirikodi video anawajibu waandishi wanomsema sura yake imezeeka, mtu ana miaka 21! Yaani kakulia mbele ya macho ya watu na watu hawakumruhusu akue. Mie hilo ndo linonitia huzuni kuliko kukataliwa. Ila asidhani ni kupigwa tu, 2020 kwenye filamu ya Enola Holmes keshakuwa mtayarishaji, miaka 16 hiyo, jina lake limo miongoni mwa wenye mali. Na keshaolewa 2024 lakini hilo usimwambie bibi, atakamatia hapohapo.

Kombo_Mkavu

Bibi keshasoma, yuko humu 😂😂

Halati_Wete

Nakushukuruni sana nyote, wallahi sikutegemea. Jana baada ya isha nimemsomea yote, na la Coogan nimelisoma mara mbili. Mwalimu hilo la kujiandikisha chuo kakaa kimya, akasema kwanza nionesheni, binamu yake akamtafutia kwenye simu akaliona. La Dar hajalitaja tena tokea jana ila kaniuliza ZIFF mwezi gani na nauli ya boti shingapi, naona kanihamishia gharama.

Zoezi la kuigiza bila maneno kalifanya, kamuigiza bibi yake anatafuta miwani na miwani iko kichwani, bibi mwenyewe kacheka mpaka kapaliwa.

Tatizo sasa ni hilo sikio. Kaniuliza ni la kulia au la kushoto nikamwambia sijui. Basi tokea asubuhi kaziba pamba la kushoto anasema anafanya mazoezi, tunamwita aoshe vyombo mara tatu hasikii.