Treni ya mfano: kuiunda kwa mkono au kuinunua?

Swali: Ndugu zangu, natamani mfano wa injini ya mvuke ya Garratt daraja la 59, iliyovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Niuunde mwenyewe au ninunue uliokamilika?

Jibu: Unda, ndugu. Mifano mingi ya dukani hufuata reli za Ulaya, ilhali yetu ilikuwa na upana wa mita 1. Kwa kipimo cha 1:87 (mfano mdogo mara 87 kuliko halisi) utahitaji njia ya reli yenye upana wa milimita 12, na ukishakata shaba na kulehemu kila bomba mwenyewe, utaijua kazi ya kila kipande.

Jibu: Mota na magurudumu nunua (tupa ya mkono haitoi usahihi huo), bodi uunde.

Jibu: Kwanza kaitazame injini halisi ya daraja hilo, nambari 5918, iitwayo Mount Gelai, katika Makumbusho ya Reli, Nairobi.