Daftari la shukrani na ugonjwa wa tumbo usioisha: linaandikwaje siku mbaya?

Tumbo_Kaidi

Wakuu, habari za saa hizi. Swali ni kwa wanaoyajua magonjwa ya utumbo ya muda mrefu: Crohn, kolaitisi ya vidonda, hata ule wa tumbo kusokota na kujaa gesi bila vidonda kuonekana kwenye vipimo. Kila kona mgonjwa anaambiwa aandike daftari la shukrani. Siku tumbo limetulia, kuandika ni rahisi. Siku ya kwenda chooni mara nane ukurasa unabaki mtupu, au unajazwa maneno ya kujilazimisha, halafu mtu anajiona hata kushukuru kumemshinda. Naomba utaratibu: nini kiandikwe, saa ngapi, mara ngapi kwa wiki? Mahubiri nimeshayasikia ya kutosha.

Bibi_Daftari

Pole sana. Kwanza punguza. Wengi wanakwama kwa sababu wameambiwa waandike kila siku mambo kumi, na ikifika wiki ya pili wanarudia "afya, familia, chakula" kama orodha ya mahudhurio. Utafiti unaotajwa sana, wa wanasaikolojia Emmons na McCullough wa mwaka 2003, ulikuwa na kundi lililoandika mara moja tu kwa wiki, mambo yasiyozidi matano, kwa wiki 10. Kundi lingine la watu wazima wenye maradhi ya neva na misuli liliandika kila siku kwa siku 21, na wakaripoti kulala muda mrefu zaidi. Maradhi yao yalibaki palepale, kwa hiyo usilitarajie daftari lifanye kazi ya dawa.

Mara mbili kwa wiki inatosha, mambo matatu kila mara. Kila jambo liwe na mtu au kitu, kilichotokea, na sababu ya kukujali. "Nashukuru ndugu zangu" haikusaidii kitu. Andika hivi: "Mkutanoni mdogo wangu kanishikia kiti cha pembeni karibu na mlango kabla sijamwomba, nikasikiliza mpaka mwisho bila kuwaza nitatokaje." Hiyo hata ukiisoma baada ya miezi sita unaiona.

Saa: usiandike mara tu baada ya kula. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huanza kusukuma, na kwa mgonjwa ndipo haja inapobana. Acha saa moja ipite. Anayetumia prednisolone (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe wa utumbo) asisubiri usiku wa manane, maana dawa hiyo inaweza kuondoa usingizi na kuyumbisha hisia, na daftari hugeuka la manung'uniko. (Ndiyo sababu kwa kawaida humezwa asubuhi.)

Siku mbaya, mstari mmoja tu. Baya kwanza, bila kulipamba, kisha jambo moja lililofanya kazi: "Damu mara tatu leo. Maji ya chumvi na sukari yamekaa, sijatapika." Ukishindwa, andika tarehe, funga daftari. Huna deni.

Tumbo_Kaidi

Nimekupata. Hayo maji vipimo vyake vipi?

Bibi_Daftari

Pakiti ya ORS ya dukani (chumvi na sukari zilizokwisha pimwa) ni bora. Ikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote visawazishwe juu, visiwe na kilima. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo usikadirie kwa mkono. Kunywa kidogo kidogo.

Zamu_ya_Usiku

Naongeza moja ambalo watu hulisahau: madaftari yawe mawili, yasichanganywe. La dalili ni la daktari. Humo unaweka idadi ya kwenda chooni, aina ya choo kwa chati ya Bristol (1 ni vigololi vikavu, 7 ni maji matupu), damu ipo au haipo, maumivu 0 hadi 10, umeamka usiku mara ngapi, dawa zilizorukwa. La shukrani ni lako.

Ukiyachanganya, shukrani inaficha ugonjwa. Mgonjwa anaulizwa kliniki "unaendeleaje?" naye kwa mazoea anajibu "nashukuru, naendelea vizuri". Kwenye faili inaandikwa hali ni nzuri, dozi inabaki ileile. Jibu kwa namba: "Wiki hii mara sita kwa siku, aina ya 6, damu siku nne kati ya saba, naamka usiku kwenda chooni." Hilo la kuamka usiku litaje daima, kwa sababu tumbo lisilo na vidonda kwa kawaida halimwamshi mtu usingizini, na daktari atataka kujua.

Halafu kuna watu hawapati cha kushukuru kwa sababu wameishiwa damu, si kwa sababu ni wagumu wa moyo. Kuvuja kidogo kidogo kwa miezi kunaleta uchovu ambao hakuna sala wala kalamu itakayouondoa. Omba wapime hemoglobini (wingi wa damu) na ferritini (akiba ya madini ya chuma), na vitamini B12 kama ugonjwa umeshika mwisho wa utumbo mwembamba au sehemu hiyo ilikatwa. Na kama kwa wiki mbili mfululizo hakuna kinachokufurahisha, sehemu kubwa ya siku, hiyo mwambie daktari waziwazi. Inatibika. Ukiwaza kujidhuru, usisubiri hizo wiki mbili, tafuta msaada siku hiyohiyo.

Homa pamoja na kuharisha damu, tumbo kuvimba na kuwa gumu, au kutapika huku hata gesi haitoki: hospitali siku hiyohiyo.

Pole_Pole

Mimi sikubaliani sana na daftari. Kwa anayeumwa tumbo la kusokota, pumzi inatangulia. Lala chali au kaa umeegemea, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya mbavu. Vuta kwa puani ukihesabu 4, toa taratibu ukihesabu 6, dakika tano, kabla ya kula. Mkono wa juu ukiinuka kuliko wa chini, unapumulia kifua. Ukiona kizunguzungu unavuta kwa nguvu mno, punguza. Utoaji mrefu ndio unaotuliza mapigo ya moyo na kuulegeza mwili, na utumbo nao unasikia. Mwisho taja jambo moja la siku hiyo, kimoyomoyo, basi.

Pili, shukrani impelekee mhusika. Ugonjwa huu una aibu, watu wanasaidiwa wakanyamaza ili wasianze kueleza habari za choo. Huna haja ya kueleza: "Jana ulisogeza kikao hadi saa nne. Asubuhi ndiyo saa yangu ngumu, na nimewahi tangu mwanzo. Asante." Kilichofanyika, kilichookolewa, basi.

Tumbo_Kaidi

Hii ya ujumbe nimeipenda. Na wale wa "shukuru, kuna waliozidiwa kuliko wewe"?

Pole_Pole

Waitikie tu upite. Ukijipima kwa aliyelazwa, siku ukilazwa wewe utashukuru kwa lipi?

Bibi_Daftari

Kuna mtego mwingine, wa siku nzuri. Tumbo likitulia miezi kadhaa, mtu anashukuru kuwa amepona na kuacha mesalazine, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Kwa kolaitisi ya vidonda, mara nyingi utulivu huo ndiyo kazi ya dawa, na kuiacha kunaongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Prednisolone ni kinyume, si ya kukaa nayo miaka, ila ikishatumika kwa wiki kadhaa hushushwa hatua kwa hatua kwa ratiba ya daktari, haikatwi ghafla, kwa kuwa mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Na ukiumwa kichwa au mgongo, usikimbilie ibuprofen wala diclofenac, zinaweza kuamsha utumbo. Uliza kwanza kuhusu paracetamol.

Tumbo_Kaidi

Sawa. Naanza Jumatano na Jumapili, mambo matatu, na la dalili nalitenga. Zamu, hiyo chati ya Bristol wanayo kliniki?

Zamu_ya_Usiku

Kliniki nyingi za tumbo wanayo, omba nakala. Kama hawana, chora mwenyewe mistari saba nyuma ya jalada la daftari la dalili: 1 na 2 choo kigumu, 3 na 4 kizuri, 5 vipande laini, 6 ujiuji, 7 maji.