Nani kawadanganya kuwa Hollywood ndiyo iliyofufua muziki wa Ireland?

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Kila filamu yenye vilima vya kijani na ukungu ikirudiwa, lazima atokee mtu aandike kwamba bila Hollywood muziki wa asili wa Ireland ungekuwa umeshazikwa. Juzi nimeyakuta tena maneno hayo, na watu wanayashangilia. Ni uongo, tena uongo unaowadhulumu waliotoa jasho.

Chukueni Braveheart ya 1995. Kisa ni cha William Wallace wa Scotland, karne ya 13. Kuna mahali usiku waombolezaji wanapuliza zumari za mfuko za Kiskoti, lakini sauti inayokufikia masikioni ni ya uilleann pipes, zumari za mfuko za Ireland, ala iliyoanza kupata umbo lake karne ya 18 na ambayo haipulizwi kwa mdomo kabisa! Mpigaji hukaa kitako, akasukuma mvukuto kwa mkono. Uilleann kwa Kiayalandi ni "ya kiwiko", ndipo jina lilipotoka. Nchi nyingine, zama nyingine, ala nyingine, na mtazamaji anafutwa machozi tu. Miaka miwili baadaye James Horner, mtunzi yule yule wa muziki wa Braveheart, akaziingiza tena kwenye Titanic. Ngoma ya abiria wa daraja la tatu mle naikubali, pale angalau watu wanacheza muziki wao.

Linaloniuma zaidi ni filamu ya Barry Lyndon, 1975. Ile sauti tamu ya mapenzi ni wimbo "Mná na hÉireann", uliopigwa na The Chieftains, kundi la muziki wa asili wa Ireland. Watu wanaiita wimbo wa kale usio na mwenyewe. Unaye! Shairi ndilo la kale, la karne ya 18. Muziki ni wa mtunzi wa Ireland, Seán Ó Riada, aliyefariki 1971 akiwa na miaka 40. Oscar ya muziki wa filamu hiyo ilikwenda kwa Leonard Rosenman, aliyeupanga.

Na kama mnataka filamu iliyosaidia kweli, ipo: Mise Éire, 1959. Haikutoka Hollywood. Ilitolewa na Gael Linn, chama cha kuendeleza Kiayalandi, na huyo huyo Ó Riada alizichukua nyimbo za wazee akazipa okestra nzima. Kisha hakubweteka na sifa. Akakusanya wapiga fidla, filimbi na pipes, wakawa kundi la Ceoltóirí Chualann. Humo ndimo alimotoka Paddy Moloney kuunda The Chieftains mwaka 1962. Moloney naye alifundishwa pipes na nani? Na Leo Rowsome, mwalimu wa Dublin aliyefundisha miongo kwa miongo bila kamera kumfuata.

Kumbukeni hali ilivyokuwa Ireland zama hizo. Vijana walikuwa wanahama kwa maelfu. Sheria ya kumbi za dansi ya 1935 ilidai kibali, na mapadri na polisi wakaitumia kuvunja ngoma za majumbani, mle jikoni ambamo muziki wenyewe uliishi. Waliosimama ni wapigaji. Comhaltas, chama cha wanamuziki wa asili, ilianza 1951, tamasha lake la kwanza likafanyika Mullingar. Chama cha wapiga pipes, kiitwacho "Na Píobairí Uilleann", kilipoundwa 1968, wapiga pipes waliobaki hawakufika mia moja. Hawakufika mia! Wakafundisha, wakatengeneza ala, na 2017 UNESCO ikautambua upigaji wa uilleann pipes kuwa urithi wa utamaduni. 1973 ikaanza shule ya kiangazi yenye jina la mpiga pipes Willie Clancy, kule Miltown Malbay, na hadi leo watoto wanakaa na wazee wakichukua nyimbo kwa sikio.

Halafu mimi ninayelipia huduma ya filamu kila mwezi, maandishi ya chini yananiambia: "muziki wa Kiselti unapigwa". Basi. Si jina la wimbo, si la ala, si la mtu.

Sasa yule aliyeandika kwamba Hollywood imeufufua aje hapa anitajie wapiga pipes watatu waliokuwa hai mwaka 1968. Nangoja.