Ushauri tafadhali: nimwambie mtoto yote kuhusu rolakosta ya Abu Dhabi, au nimwache akajionee?

mama_wa_tudor | Jumapili, saa 3:20 usiku

Assalaam alaikum wana jukwaa. Naomba ushauri, na naomba msinicheke.

Likizo ya Disemba, inshallah, kaka yangu anayefanya kazi Abu Dhabi ametualika, mimi na kijana wangu wa miaka 11. Ndege kashakata, na tiketi za kuingia bustani ya michezo ya Ferrari World pale Yas Island kashalipia. Huko kuna rolakosta, ile treni ya michezo ya kupanda na kuporomoka, yaitwa Formula Rossa. Nimeitazama kwenye simu mara sijui ngapi, mpaka kiganja chatoka jasho.

Swali langu ni hili: nimtazamishe mtoto hizi video mapema, nimweleze panapopanda na panapoporomoka, au nimwache akashtukie huko huko? Kaka yuwasema nikimwonyesha nitamharibia raha yake. Mimi usingizi sipati. Mtoto mwenyewe ni jasiri, hana tatizo lolote. Ni mimi tu.

nahodha_mstaafu | saa 3:41 usiku

Waalaikum salaam dada. Mwache ashtukie. Sisi sikukuu ya Idd tulikuwa twaenda Makadara na kanzu mpya, shilingi imefungwa kwenye leso ya mama. Pembea za mbao, zasukumwa na vijana wenye mikono kama makasia. Hakuna aliyetueleza kitu. Tulipanda, tumbo likabaki chini, tukashuka, tukarudi kwenye foleni. Harufu ya zile mishkaki ninayo puani mpaka leo, na ni zaidi ya miaka 50.

bi_sauda_kibokoni | saa 4:02 usiku

Mwanangu, mimi nitasema na utanisamehe. Hiyo nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni karo ya muda gani? Watoto wa mji huu wafika umri wa kuoa hawajaingia Fort Jesus, na iko hapa mlangoni. Ukiwa una hamu ya kumwonyesha mtoto maajabu, anzia nyumbani. Na kama lazima muende, msomee dua, hizo video zitakusaidia nini?

mtoto_wa_likoni | saa 4:15 usiku

Bi Sauda, mjomba ndiye kalipa. Hilo limekwisha.

Mimi nawapa yangu. Nilikwenda bustani moja ya michezo ya maji huku pwani na wenzangu, sikuuliza kitu, nikapanda ngazi zote za lile bomba refu. Kufika juu nikatazama chini. Nikateremka kwa ngazi zile zile, na nyuma yangu foleni nzima ya watoto wadogo wanipisha, kila mmoja ananitazama usoni. Ningejua urefu mapema ningebaki kwenye kidimbwi na heshima yangu. Mwonyeshe mtoto.

shabiki_wa_reli | Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Hapa ndipo penyewe! Dada, mimi sijawahi kupanda kitu bila kukisoma, na kusoma hakujawahi kunipunguzia raha hata tone.

Formula Rossa ilifunguliwa mwaka 2010. Yafika kilomita 240 kwa saa, na yafika hapo kwa muda wa chini kidogo ya sekunde 5. Treni yetu ya Madaraka, ile ya kwenda Nairobi, mwendo wake wa juu kabisa ni 120. Sasa izidishe mara mbili, toa paa, toa madirisha. Ndiyo maana abiria wapewa miwani, kwa kuwa hata mchanga ukikupiga jichoni kwa kasi ile ni balaa. Kimo chake mita 52, minazi miwili mirefu uliyoibandika mmoja juu ya mwingine.

Na asiambiwe kwamba itaruka ikatoka kwenye reli. Kila behewa lina magurudumu ya aina tatu: ya juu ya reli, ya ubavuni, na ya chini ya reli. Haya ya chini ndiyo yanayolishika behewa lisiinuke. Mmarekani John Miller ndiye aliyeyapatia hataza mwaka 1919. Zile za mwanzo kabisa zilikuwa za taratibu tu. Ile ya LaMarcus Thompson pale Coney Island, New York, mwaka 1884, ilikuwa yaenda kama kilomita 10 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbilia matatu, na nauli senti 5. Watu walijipanga foleni kwa hiyo!

bi_sauda_kibokoni | saa 1:30 asubuhi

Watu wa zamani hawakuwa na kazi za kufanya.

mfunga_mikanda | saa 7:10 mchana

Nimesoma kimya toka jana. Mimi ni mtu wa Kisauni, nimefanya kazi miaka mitatu kwenye bustani ya michezo kule Ghuba. Kazi yangu ilikuwa kukagua mikanda ya abiria kabla treni haijaondoka, siku nzima, mamia ya vifua na mapaja. Nimeona nyuso za kila namna.

Dada, kitu kimoja hakikai sawa. Mama wa mtoto jasiri hakosi usingizi miezi miwili kabla ya safari. Kuna nini?

mama_wa_tudor | saa 8:05 mchana

Hakuna kitu. Nimesema ni mimi tu.

mfunga_mikanda | saa 8:20 mchana

Sawa. Lakini swali la video lina majibu mawili tofauti kabisa, kulingana na mtoto. Bila kumjua mtoto, sote hapa twapiga ramli.

mama_wa_tudor | saa 4:48 usiku

Basi. Idd iliyopita alipanda pembea lile kubwa la gurudumu, kwenye uwanja mmoja hapa mjini. Stima ikapotea. Yeye alikuwa juu kabisa. Alikaa huko muda mrefu, karibu saa nzima. Tangu siku ile lifti hapandi, hata ya ghorofa mbili, na usiku huwa yuwaniita.

Ndiyo maana nimeshaamua kutomwonyesha. Akiona zile video atakataa safari, na kaka yangu amejinyima kwa ajili yake. Nimeshamwambia kwamba huko kuna treni ndogo ya watoto, basi. Akifika, akaona watoto wenzake wanacheka, atapanda na hofu itamtoka. Mimi ndiye mama yake, namjua.

nahodha_mstaafu | saa 5:00 usiku

Pole sana. Ila nakuunga mkono. Mtoto aliyeanguka kwenye ngalawa hurudishwa baharini siku ile ile, kabla woga haujaota mizizi.

bi_sauda_kibokoni | saa 5:09 usiku

Siku ile ile ndiyo. Si baada ya miezi, na kwa uongo. Kumwambia mtoto uongo ni kumfundisha.

shabiki_wa_reli | saa 5:17 usiku

Treni ndogo ya watoto? Kilomita 240? Dada, hapana. Hapana kabisa.

kizingo_mtulivu | Jumanne, saa 2:33 asubuhi

Mimi nitasema ambalo wengine mwaogopa kulisema. Hii hadithi imetungwa. Jumapili mtoto ni jasiri, Jumatatu hapandi lifti. Watu wakwama hewani karibu saa nzima mjini Mombasa, siku ya Idd, na hakuna hata mmoja aliyechukua video? Uwanja hautajwi. Mashine zile huwa na jenereta. Na akaunti hii ina jumbe tatu tu, zote humu. Mwezi jana tulichangia pesa za mgonjwa ambaye hakuwapo, nilitoa elfu mbili zangu. Sidanganywi tena.

mtoto_wa_likoni | saa 2:51 asubuhi

Jenereta? Nyingine zina jenereta ambayo haina mafuta.

nahodha_mstaafu | saa 3:04 asubuhi

Hajaomba pesa, Kizingo.

kizingo_mtulivu | saa 3:10 asubuhi

Yule naye hakuomba mpaka siku ya nne.

mama_wa_tudor | saa 9:26 alasiri

Nimeandika nikafuta mara tatu.

Hakutaka kupanda. Aliniambia, "Mama, linakwenda juu sana." Nikamwambia halifiki juu, lazunguka hapo chini chini tu. Nilikuwa nimemwona siku nzima amenishika nguo, wenzake wamepanda na yeye amesimama, nikaona haya. Nikamvua viatu kwa sababu vilikuwa vipya na vyamteleza, nikabaki chini nimevishika. Stima ilipopotea nilikuwa nimevishika viatu vile mkononi, nikipiga kelele ambazo yeye hakuzisikia.

Uwanja siutaji kwa kuwa wale vijana waliwateremsha watu kwa mikono, wakilizungusha lile gurudumu pole pole, kiti baada ya kiti, mmoja amechubuka viganja vyote. Sitaki kuwaharibia riziki. Video sijui kama ipo. Mimi sikuwa natazama simu.

Alipofika chini hakulia. Aliniuliza, "Mama, ulikuwa unajua?" Basi.

Jumapili niliandika kwamba ni jasiri kwa sababu sikuweza kuandika hayo.

kizingo_mtulivu | saa 10:15 alasiri

Sijasema nimeamini yote. Lakini hilo la viatu mtu hakai akalitunga. Nisamehe dada.

bi_sauda_kibokoni | saa 10:22 alasiri

Mwanangu. Njoo Kibokoni unywe kahawa.

mfunga_mikanda | saa 2:40 usiku

Sasa twaweza kuzungumza.

Mtoto huyu haogopi kasi. Anaogopa kwamba mtu anayejua hatamwambia. Ukimpeleka kwenye kitu kingine kirefu kwa maneno ya "chini chini tu", na akaona mwenyewe mlangoni, hutampata tena kirahisi. Mimi nimewaona wazazi wa namna hiyo pale kwenye jukwaa la kupandia. Mzazi anacheka, mtoto mkanda umeshamfunga, macho yake yananitazama mimi, mtu asiyemjua, kuniuliza kama ni kweli.

Kwa hiyo mwambie, lakini si kila kitu. Vitu vinavyougusa mwili mwambie vyote: itaondoka kwa kishindo, itapanda namna gani, upepo utampiga usoni, tumbo litakuwa jepesi kileleni, na yote hayo hayachukui hata dakika mbili. Mwambie kwamba foleni si kifungo. Mtu akifika mpaka mbele ya kiti akasema sitaki, hupitishwa upande wa pili akatoka, na sisi wafanyakazi hatumcheki. Nimewatoa wanaume wenye ndevu. Na mwambie kwamba pia hupimwa kimo mlangoni. Wakimkataa kwa kimo, si kwamba ameshindwa. Ni mkanda haujamkaa.

Vile vya kutazamwa tu, rangi, taa, michezo ya ndani chini ya lile paa jekundu, vyote mwachie. Hapo kaka yako ana haki, usimmalizie.

Na kuna jambo atakuuliza, nakuandalia jibu. Pembea lile la Idd lilisimama kwa kuwa injini ndiyo iliyokuwa yalizungusha muda wote. Rolakosta si hivyo. Ikishapewa nguvu ya kuanzia, yaenda kwa uzito na kasi yake yenyewe mpaka mwisho. Breki za kuipunguza kasi, kwenye nyingi za kisasa, ni sumaku kali zilizopangwa penye reli au kwenye treni yenyewe. Bamba la shaba au alumini likipita kati ya sumaku, lenyewe hukataliwa na kupungua mwendo. Sumaku haihitaji stima. Na reli imegawanywa vipande, kila kipande treni moja tu. Iliyo mbele isipoondoka, ya nyuma haipewi njia. Zile zinazorushwa kama Formula Rossa, mara chache hukosa nguvu ya kumaliza mlima wa kwanza. Hurudi nyuma na kupokewa na breki. Watu hupiga mayowe, lakini ilitengenezwa ikijua kwamba siku moja itarudi. Kukwama pia hutokea, sitakudanganya, na zipo ngazi kando ya reli za kuwateremshia watu.

shabiki_wa_reli | saa 2:58 usiku

Miaka yote nasoma haya mambo, na hili la kutoka upande wa pili wa foleni sikulijua.

nahodha_mstaafu | saa 3:15 usiku

Naondoa maneno yangu ya ngalawa. Mimi nilirudishwa baharini na baba, lakini baba aliruka ndani kwanza.

mama_wa_tudor | Alhamisi, saa 4:30 usiku

Nimekaa naye barazani baada ya Isha. Nilianza kwa kumwambia kwamba siku ile nilijua, na hii habari ya treni ndogo pia nilijua. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaomba simu.

Ile video aliitazama kidole kikiwa juu ya kioo. Treni ilipotaka kuondoka aliisimamisha. Akasema, "Stima ikipotea?" Nikaanza kumsomea ulivyoandika, mfunga_mikanda. Akanipokonya simu akasoma mwenyewe, mara mbili, yale ya sumaku mara tatu. Akaiachia video ikaenda mpaka mwisho.

Kisha akaniuliza, "Na wewe utakuwa umekaa wapi?" Sijamjibu. Nawauliza nyinyi: mtu mwenye presha huruhusiwa kupanda?

mtoto_wa_likoni | saa 4:34 usiku

Dada, na hilo pia ulikuwa umelificha?

mfunga_mikanda | saa 4:37 usiku

Haruhusiwi. Imeandikwa mlangoni kwa maandishi makubwa: presha, moyo, shingo, mgongo, mja mzito. Usijaribu kupita kimya kimya. Na usingoje mkifika huko, mwambie usiku huu.

mama_wa_tudor | saa 5:12 usiku

Nimemwambia. Alikuwa hajalala. Asema mjomba atakaa naye kwanza kwenye ndogo, na ile kubwa ataamua mwenyewe akifika mlangoni. Ameuliza ule mlango wa pili watokea upande gani, ili nisimame hapo.