Naomba ushauri: WRX STI inapanda joto kwenye foleni, nianze na feni au rejeta?

Wakuu, habari za jioni.

Gari ni Subaru Impreza WRX STI, injini EJ207 yenye turbo. Ikitembea kilomita 80 kwa saa Barabara ya Bagamoyo, mashine ya OBD (inayosoma kompyuta ya gari) inasoma kulanti, yaani maji ya kupoza injini, nyuzi 88 hadi 92. Ikikwama foleni ya Mwenge mchana, AC imewashwa, dakika 10 tu inafika 106. Ikiondoka, inashuka. Ndiyo maana nashuku upepo kuliko mzunguko wa maji. Rejeta iliyoziba ingechemsha zaidi kwenye kasi.

Themostati na mfuniko wa rejeta wa bar 1.1 ni vipya. Hewa imetolewa pua ikiwa juu kwenye jeki, maana injini hizi za boksa (silinda zimelala pande mbili) hubakiza hewa kwa urahisi. Kipimo cha gesi ya moshi wa injini kwenye mdomo wa rejeta hakikubadilika rangi na hakuna mapovu, kwa hiyo gasketi ya silinda hedi bado naiamini. Feni zote mbili zinazunguka, ila moja ni ya mtumba na kava lake limepasuka. Sponji za kuziba mwanya kati ya kondensa ya AC na rejeta hazipo kabisa.

Rejeta nene ya alumini itasaidia kweli kabla ya kuziba mianya hiyo? Naona nayo itadai feni zenye nguvu zaidi.

Na kulanti: Dar hakuna barafu, je, nitoke nusu kwa nusu na maji niende kulanti asilimia 30, maji ya distili 70? Maji ya kisima siyagusi, chumvi yake inakula alumini.

Mwenye kujua feni orijino zinapopatikana Gerezani au Ilala anielekeze.