Majestic ya Vuga: ni jengo lilelile la Royal au ni jingine?

Mdadisi_wa_Mji aliuliza:
Assalam alaykum, ndugu zangu. Inafahamika kwamba jumba la Royal Cinema Theatre, lililojengwa Mji Mkongwe wa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1920, lilichorwa na J. H. Sinclair, yule Mwingereza aliyechora pia Mahakama Kuu na makumbusho ya Beit el Amani. Hata hivyo, nikiitazama sinema ya Majestic, iliyosimama Vuga hivi leo palipokuwa na Royal, sioni kuba wala matao aliyoyapenda, bali uso mtupu wenye mistari iliyonyooka. Je, Royal ilibadilishwa sura, au ilivunjwa?

BinShangani alijibu:
Wa alaykum salaam. Haikuvunjwa, iliungua. Royal iliteketea mwaka 1953, na mwaka 1955 Majestic ikasimamishwa mahali pake kwa mtindo wa Art Deco, yaani ule wa kisasa wa mistari iliyonyooka. Tofauti unayoiona ni ya zama mbili. Sinclair alichanganya umbo la Kiarabu na mpangilio wa Kizungu, jambo lililowapendeza watawala waliotaka majengo yao yaonekane kuwa ya hapahapa. Ilhali wenye sinema wa Unguja, ambao wengi walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, walitazama zaidi Bombay, ambako majumba kama Regal na Eros yalikuwa yamekwisha kuufanya mtindo huo mpya uwe ndio sura ya sinema tangu miaka ya 1930. Kwa maoni yangu, sehemu ya mbele ingerudishwa kama alivyoichora Sinclair.

BiMkunazini alijibu:
Hapo sikubaliani nawe, kaka. Mapenzi ya watu wa mjini kwa jumba hili hayakutokana na kuba. Yalitokana na filamu za Kihindi na za Kimisri, na maonyesho ya wanawake peke yao, ambayo yaliwawezesha akina mama waliokaa ndani kutoka bila mtu kuwanyooshea kidole. Majestic iliyarithi mazoea hayo, ikaendelea nayo hata baada ya Mapinduzi ya 1964, sinema zilipotaifishwa. Kilichoidhoofisha ni televisheni ya rangi iliyoingia Zanzibar miaka ya 1970, kisha kanda za video, ambazo zilimpa kila mwenye mashine sinema yake sebuleni (na majirani wote wakiwa wageni wake, wapende wasipende). Kuujenga upya uso wa Royal ni kuifuta historia hiyo yote.

Mdadisi_wa_Mji aliandika:
Shukrani kwenu nyote. Je, jengo la 1955 linahesabiwa kuwa sehemu ya urithi, au si la kale vya kutosha?

BinShangani alijibu:
Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 kwa sababu ya mchanganyiko wa tamaduni za Afrika, Uarabuni, Uhindini na Ulaya, na mchanganyiko huo haukukoma mwaka wowote. Kwa hiyo hoja ya Bi Mkunazini ina uzito kuliko nilivyoipa: ukarabati wa haki ungeanza na paa, kwa kuwa ukumbi mpana namna ile hauvumilii mvua za masika, na uso wa 1955 ungeachwa ulivyo. Ukitaka kuchimba zaidi habari za Sinclair, anzia Nyaraka za Taifa, Kilimani.